Haja Kubwa Ndani ya Georgette

Georgette alikuwa ananuka, na wote wanne walikuwa wanajifanya hawasikii.

Georgette siyo mtu, jamani. Ni gari-nyumba, refu kama basi la shule, ndani kuna jiko, vitanda, runinga, bafu la kuogea umejikunja, na choo. Gaétan, mwenye gari, ndiye aliyempa hilo jina, na alimpenda kupita kiasi. Kila asubuhi kabla ya kuwasha injini alikuwa anampapasa dashibodi na kumwita "mama mkubwa". Vidole vyenyewe vya kupapasia ni vilevile vilivyotoka kukata kucha za miguu pale pale mezani. Joëlle aliona kwa macho yake. Kucha moja iliruka, ikatua kwenye mkebe wa siagi. Gaétan akaitoa kwa kisu, na kisu hichohicho kikapaka siagi kwenye mkate.

"Mrembo, mbona huli?" Gaétan akamuuliza.

"Nimeshiba," Joëlle akajibu. Tumbo lilikuwa linanguruma.

Ilikuwa likizo ya wajenzi, zile wiki za mwisho wa Julai ambazo Quebec nzima inazima mashine na kumiminika barabarani. Gaétan amemwaga zege maisha yake yote, kwake likizo hiyo ni kama Pasaka. Wakatoka Drummondville: yeye kwenye usukani, mkewe Lisette pembeni, na nyuma, kwenye kiti cha plastiki kinachonata mapajani, mtoto wao Yannick na mchumba wake Joëlle.

Harusi ilikuwa Septemba. Baada ya harusi mpango ulikuwa tayari: wazee wabaki ghorofa ya juu ya nyumba yao, vijana wahamie ghorofa ya chini. Dari ya Joëlle ingekuwa sakafu ya Gaétan. Kila kucha ikiruka huko juu, angeisikia.

"Ukiweza kukaa na baba likizo nzima," Yannick alimwambia siku wanafunga mizigo, "utaweza kukaa na sisi maisha yote."

Joëlle alicheka, lakini lile neno "sisi" lilimkwama kooni kama mwiba wa samaki. Yeye alikuwa anaolewa na mtu mmoja, siyo na ukoo. Akajiambia, sawa, safari hii namwangalia Yannick. Nataka kujua kama anasimama kwa miguu yake au bado yuko kwenye mbeleko ya baba yake. Nikijua, nitajua la kufanya kuhusu Septemba.

Basi wakaanza kuzunguka rasi ya Gaspésie, maji upande wa kushoto, milima upande wa kulia. Kutalii kwenyewe kulikuwa hivi: Gaétan hasimami penye uzuri, anasimama penye tambarare, maana Georgette hapendi kuegemea upande. Anashuka na kaptura yake iliyolegea nyuma mpaka mfereji unaonekana, anatembea hadi kwenye ukingo, anatazama ghuba ambayo watu wametoka ng'ambo ya dunia kuiona, anasema, "Haya, maji." Picha moja. "Twende." Kwenye mnara wa taa: "Haya, taa." Pale Mont-Saint-Pierre, ambapo watu wanajirusha kutoka mlimani na mabawa ya kitambaa, alisema, "Haya, wapumbavu," akapiga mbweu yenye harufu ya uduvi wa Matane, akawasha gari.

Na kila kambi waliyoingia, mlinzi wa geti akimwelekeza pa kuegesha, utani ulikuwa mmoja. "Usiwe na wasiwasi, bwana, naendesha mimi! Huyu mke wangu aliwahi kurudisha gari nyuma akang'oa baraza zima la jirani, nguzo na turubai, watu wanakula!" Mlinzi anacheka. Lisette naye anacheka, anatazama mikono yake.

Sasa sheria. Georgette alikuwa na sheria moja kubwa, Gaétan aliitangaza kabla hata hawajafika kona ya kwanza: "Choo cha Georgette ni haja ndogo tu. Haja kubwa ni kambini, kwenye vyoo vya wote. Tangi nalisafisha mimi, pua ni yangu. Mtu akivunja hii sheria, nitajua."

Kwa hiyo kila asubuhi Joëlle alikuwa anatembea kambi nzima, karatasi ya chooni kwapani, anapita mbele ya familia zinazokunywa kahawa barazani. Wote wanajua anakwenda wapi. "Habari za asubuhi!" wanamwambia, na macho yanashuka kwenye karatasi. Mzee mmoja akamwambia, "Kazi njema, binti!" Joëlle alitaka ardhi ipasuke. Lakini alikwenda. Sheria ni sheria.

Na bado harufu ilikuwa inazidi. Ilianza karibu na Rimouski, kidogo tu, kama kitambaa cha vyombo kilicholowa. Baadaye ikawa inapanda kupitia sinki, inakaa kwenye mito, inaingia kwenye nywele. Gaétan akasema ni upepo wa baharini. Lisette akawasha mshumaa wa vanila, ikawa mbaya zaidi: mavi na keki.

Wakafika Percé asubuhi ya Krismasi. Ndiyo, Krismasi, mwezi wa saba! Wenye kambi kule wanaisherehekea katikati ya kiangazi, na geti lilikuwa limeshafungwa taa na masoksi mekundu, vinyago vya watu wa theluji vimesimama kwenye nyasi, mbu wanavitembelea. Ule Mwamba maarufu wa Percé ulikuwa kule majini, mkubwa, mwekundu, una tundu kama sindano. Joëlle aliuona kupitia dirisha kwa muda wa kumeza mate, maana Gaétan alikata kona kwenda kwenye shimo la kumwagia tangi.

Foleni ilikuwa ndefu. Magari-nyumba yamepangana kama ng'ombe kwenye josho, wenyewe wamesimama na glavu za mpira na bia. Gaétan akaunga bomba lake. Na hapa sikieni: kwenye bomba lake alikuwa amefunga kiwiko cha plastiki angavu, kama glasi, ili aone kinachopita. Wengi kule wanacho, wanataka kujua tangi likishaisha. Lakini Gaétan alikuwa anachuchumaa mbele ya kile kiwiko kama mtu anayeangalia fainali.

Akavuta valvu. Kwanza yakapita maji ya manjano. Gaétan akatikisa kichwa, safi. Halafu bomba likakohoa. Likakohoa tena. Na ndani ya kile kiwiko, taratibu, kwa raha zake, kikaja kitu kingine, kikajaza kiwiko kizima, kikakwama pale kinawatazama.

"Tabernakulo!" Gaétan akaruka. Akaendelea kutukana kwa vyombo vyote vya altareni, kalisi, hostia, siboriamu, kama ilivyo kawaida ya kwao mtu akichukia. "Nani? Nani amekunya ndani ya Georgette?"

 Mtu akazima redio.

"Mimi siyo," Gaétan akaanza kesi pale pale, glavu juu. "Lisette anaijua sheria kuliko sala. Yannick nimemlea mwenyewe." Akageuka. Wote wakageuka.

"Mimi?" Joëlle akasema. "Gaétan, mimi kila asubuhi nazunguka kambi na karatasi kwapani! Kila mtu kaniona!"

"Ndiyo! Ndiyo ujanja wenyewe! Mchana unatembeza karatasi, usiku unafanya mambo yako!"

Wale wenye bia wakacheka mpaka wakakohoa. Mama mmoja kwenye kiti cha kukunja akaita, "Mwacheni binti wa watu, labda ni zile chipsi za mchuzi na jibini!" Kicheko kikapanda tena. Joëlle alihisi uso unaungua, na harufu inamwingia mdomoni, anaionja kabisa kwenye ulimi.

"Yannick," akasema. "Sema kitu."

Yannick alikuwa anaangalia simu yake. "Baba, twende tu," akasema bila kuinua macho. "Watu wanasubiri."

Mchana huo walikuwa na tiketi za boti kwenda kisiwa cha ndege. Gaétan alikataa kwenda, anasema anabaki kumwosha Georgette "majeraha yake". Lisette akabaki kupika. Kwa hiyo wakaenda wawili, Joëlle na Yannick.

Kile kisiwa, kwanza unakisikia kwa pua. Unapanda njia ya msituni, hewa ya misonobari, nzuri, halafu ghafla ni kama mtu amekufunika uso na kapu la samaki waliooza. Unatokeza, na huko ndege maelfu kwa maelfu, weupe, wakubwa kama bata bukini, vichwa vya manjano, wamebanana kwenye mwamba uliopakwa kinyesi chao mpaka umekuwa mweupe. Wanapiga kelele, wanapigana, wanalala kwenye mavi, wanapendana kwenye mavi. Watalii walikuwa wamejifunga skafu puani wanapiga picha. Hatua mbili kutoka kwenye kamba ya kuzuia watu, kinda mmoja mwenye manyoya kama pamba chafu aliingiza kichwa kizima kooni mwa mama yake, anachokonoa samaki aliyekwishamezwa.

Ni hapo, mbele ya huyo kinda, Yannick aliposema, "Ni mimi."

"Nini ni wewe?"

"Kile kitu. Choo. Ni mimi." Alikuwa anaongea chini chini, pua ameibana, sauti inatoka kama ya katuni. "Tangu Rimouski. Kila usiku."

"Kila usiku!"

"Mimi siwezi ile ya kutembea na karatasi, Jojo. Watu wanakuangalia. Naona aibu."

Joëlle akamtazama. Mtu mzima, ndevu zimekaa vizuri, anaendesha greda la tani kumi na nane, na amelala pembeni yake kila usiku baada ya kutoka huko, miguu ya baridi, anamkumbatia.

"Basi utamwambia baba yako leo," akasema. "Tukirudi tu."

"Hapana, sikia. Sikia kwanza. Baba ananiachia kampuni yake ya zege msimu ujao, unajua. Akijua ni mimi, amemalizana na mimi. Atasema kama siwezi kufuata sheria ya choo nitasimamiaje watu. Unamjua. Lakini wewe... wewe ni mgeni, Jojo. Mgeni anasamehewa. Ukisema ni wewe atacheka, atakutania mpaka Krismasi, ile ya kweli, halafu yanaisha."

"Unataka niseme mimi ndiye."

"Ni kitu kidogo."

"Siyo kidogo, Yannick. Nimekiona. Kimejaza kiwiko."

Alitaka kumchekesha au kumchoma, hata yeye hajui. Yannick hakucheka wala hakuchomeka. Akamshika mkono, kiganja kimelowa jasho. "Nifanyie hili moja tu," akasema, na nyuma yake yule kinda alitoa kichwa kooni, mdomo unachuruzika, akarudisha tena.

Walivyorudi kambini Lisette alikuwa peke yake jikoni, anakaanga ndimi za samaki. Vile vitu kwenye sufuria vinajikunja, vinatoa ute. Joëlle akakaa.

"Kakwambia," Lisette akasema bila kugeuka.

"Ulikuwa unajua?"

"Mimi ndiye nafua chupi zake mpaka leo, mwanangu. Najua tumbo lake kuliko daktari." Akageuza ulimi mmoja kwa uma. "Beba tu. Ni uzito wa siku moja mbili. Baadaye unazoea, hata husikii."

"Kwa nini nibebe mimi?"

Lisette akapunguza moto. Akaangalia mlango kwanza. "Ile hadithi ya baraza la jirani, nguzo na turubai? Aliyerudisha nyuma ni Gaétan. Mimi nilikuwa nje nampungia mkono asimame. Jirani alikuja juu, mkubwa, amekunywa, Gaétan akasema, 'Ni mke wangu huyu, hajui.' Nikanyamaza. Nikasema ni kitu kidogo. Kesho yake akaisimulia hivyohivyo. Na kesho kutwa. Sasa hivi, mwanangu, nakuapia, nikifumba macho najiona mimi ndiye nimeshika usukani." Akacheka kidogo, kicheko kikavu. "Na sijaushika tena tangu siku hiyo. Naogopa. Yaani naogopa kweli, kama vile nilifanya."

Akaweka sahani mbele ya Joëlle. Zile ndimi zilikuwa zinang'aa kwa mafuta. Joëlle akaisogeza pembeni, taratibu, asimuudhi.

Jioni Krismasi ikawaka. Taa kila baraza, bata mzinga anavuja mafuta kwenye makaa, mahindi yanachemka kwenye pipa, watoto wamevaa kofia nyekundu na chupi za kuogelea. Kambi ile Baba Krismasi anachaguliwa mwenye kitambi cha kweli na ndevu za kweli, kwa hiyo macho yote yalimwangukia Gaétan. Ile nguo nyekundu inaazimwa kila mwaka na haijafuliwa tangu inunuliwe. Unaona alama za jasho la kila Baba Krismasi aliyepita, duara ndani ya duara, kwapani. Gaétan akajibana ndani yake, zipu ikapanda kwa shida, akapanda jukwaani, akapewa kipaza sauti.

Zawadi za kule ni za mzaha. Mlevi anapewa maziwa, mvuvi asiyepata kitu anapewa samaki wa kopo. Watu wanacheka. Mwishoni Gaétan akanyoosha mkono nyuma ya kiti chake.

"Na sasa!" akanguruma. "Zawadi ya mkwe wangu mtarajiwa! Amekuja kwetu na mzigo, na mzigo akauacha kwa Georgette!"

Akatoa ndoo. Ndoo nyeupe yenye mfuniko, imefungwa utepe mwekundu.

Uwanja ukapasuka. Wale wa foleni ya asubuhi walikuwa wameshawasimulia wengine wote, hakuna ambaye hakujua. Watu wakaanza kugonga vifuniko vya sufuria: "A-ungame! A-ungame!" Watoto wakadaka, wanarukaruka: "A-ungame!" Gaétan akamvuta Joëlle jukwaani, akamsukumia kipaza sauti, jasho linamdondoka puani. "Haya mrembo. Ungama kwa Baba Krismasi, usamehewe."

Joëlle akamtafuta Yannick. Alikuwa mstari wa mbele kabisa, hindi mkononi, siagi kidevuni. Macho yakakutana. Joëlle akasubiri. Alimpa muda, nakwambia, mpaka makelele yakaanza kulegea na watu wakaanza kutazamana. Hatua tatu tu zilikuwa katikati yao. Angesema "Baba, ni mimi," wangecheka, wangemwita Yannick Kinyesi mpaka uzeeni, na yeye Joëlle angeolewa naye kesho yake asubuhi, kwenye kambi hiyohiyo, na ndoo hiyohiyo mkononi kama maua.

Yannick akamtikisia kichwa kidogo. Haya, ule mtikiso ulikuwa unasema. Haya, maliza.

"Ni mimi," Joëlle akasema kwenye kipaza sauti.

Yowe lililopanda liliwatisha hata mbwa. Gaétan akamkumbatia, akamzika kwenye ile nguo mbichi, yenye uvundo wa miaka, ndevu zilizolowa zinamfuta shingoni. "Sasa ndiyo umekuwa wa kwetu!" akapiga kelele sikioni mwake. "Wa kwetu kabisa!" Na Joëlle, amebanwa hapo, pumzi ameishika, aliangalia juu ya bega la Baba Krismasi kuuona uso wa Yannick. Alitegemea kuona aibu. Hata kidogo. Hata ya kujificha.

Mabega ya Yannick yalishuka. Akashusha pumzi. Akauma hindi.

Alimfuata Joëlle baadaye kando ya pipa la mahindi, anachangamka kama mtu aliyetoka kung'olewa jino. Akambusu na midomo ya siagi. "Asante, Jojo. Umeniokoa, wallahi. Unaona? Kacheka tu. Imeisha."

Joëlle akajifuta mdomo kwa kiganja, halafu akafuta kiganja kwenye nyasi. "Imeisha," akasema. "Septemba haipo, Yannick."

"Nini?"

"Harusi. Siji."

Akacheka kwanza. Halafu akaona kwamba hatanii. "Unaniacha kwa sababu ya choo? Joëlle! Kwa sababu ya mavi?"

"Ungeyasema ni yako ningekusaidia kuyazoa kwa mikono."

"Lakini wewe mwenyewe umesema ni wewe! Hakuna aliyekulazimisha!"

"Nilitaka kukuona nikishasema. Nimekuona."

Alifungua mdomo, punje ya hindi imeganda kwenye jino la mbele, na kwa mara ya kwanza safari ile nzima Joëlle aliona kitu kinatikisika machoni mwake, kama vile anataka kusema neno lenyewe hatimaye. Labda angelisema. Hatutajua, maana kipaza sauti kilikoroma kutoka jukwaani.

"Yannick! Yannick, mwanangu, njoo! Zipu imenikwama, nakufa humu!"

Watu wakacheka. Yannick akageuka kule, akageuka huku. "Nisubiri hapa," akasema. "Jojo, dakika moja tu. Usiondoke." Akaenda mbio.

Joëlle alisimama akamwangalia anapanda jukwaani, anapiga magoti mbele ya kitambi cha baba yake, anavuta zipu kwa mikono miwili. Gaétan ameinua mikono juu kama mtoto anayevuliwa shati, anawapungia watu.

Akaenda kwa Georgette kuchukua begi lake. Lisette alikuwa amekaa kizani mezani, hajawasha taa. Joëlle alipofunga zipu ya begi ndipo Lisette aliposema:

"Ile ghorofa ya chini nilishaipaka rangi. Mwenyewe, kwa mkono. Nilitaka iwe surprise."

"Rangi gani?"

"Kijani. Kijani kidogo, kama mbaazi mbichi."

"Nzuri," Joëlle akasema, na alimaanisha. Akambusu mashavu yote mawili. Nywele za Lisette zilikuwa na ile harufu, vanila na kile kingine, imeshaingia mpaka kwenye mizizi. Halafu akashuka ngazi, akapandisha njia ya kokoto kwenda kwenye ofisi ya kambi kuuliza basi la asubuhi linapita saa ngapi. Njia nzima alikuwa ananusa mikono yake.